Uzi maalumu: Tuwavishe Kofia ya Hogwarts wahusika tuliowasoma shuleni, Kinjeketile hadi Sekai

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa kuwapanga wahusika kwenye nyumba za Hogwarts, ile shule ya wachawi ya vitabu vya Harry Potter, unaishia palepale. Jasiri anapelekwa Gryffindor, mwenye akili Ravenclaw, mpole Hufflepuff, na yeyote aliyewahi kudanganya anatupwa Slytherin kama mahabusu. Kwa mtindo huo mchezo unakwisha kabla haujaanza, na mhusika tunamwacha vilevile tulivyomkuta. Naomba safari hii tuufanye kwa umakini, tena kwa wahusika tuliowasoma darasani na kuwasikia nyumbani: Kinjeketile, Sekai, Okonkwo, Juliette, Amani wa Sokomoko, Liyongo, Abunuwasi.

Kwa asiyeufahamu utaratibu: katika vitabu saba vya J. K. Rowling, vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, mtoto anaingia Hogwarts akiwa na miaka 11. Usiku wa kwanza anakaa kwenye kigoda mbele ya shule nzima, anavishwa kofia kuukuu iliyokuwa ya Godric Gryffindor mwenyewe, kofia inamsoma kichwani, kisha inatangaza nyumba yake. Gryffindor ni ya ushujaa na uthubutu. Ravenclaw ni ya akili na kiu ya elimu. Hufflepuff ni ya bidii, subira, haki na kutowatupa wenzako. Slytherin ni ya wanaotaka makuu na wanaojua kupenya, na mwasisi wake Salazar alitaka damu safi tu.

Tuliosoma bweni tunazijua nyumba za shule, maana mfumo wenyewe uliletwa huku na Waingereza. Ila sisi hakuna aliyetusoma kichwani. Patroni aliangalia kitanda kilicho wazi, ukaambiwa wewe ni wa Kilimanjaro au wa Nyerere, na tangu siku hiyo ukaishangilia nyumba hiyo kwenye mashindano ya usafi na mpira mpaka sauti inakauka. Huko Hogwarts ni kinyume: tabia kwanza, kitanda baadaye. Ndiyo maana mchezo huu unanivutia kiasi hiki, kwa sababu unadai umjue mtu kwanza.

Sasa tazameni Kofia inavyofanya kazi. Neville Longbottom ni mwoga, msahaulifu, anamwogopa mpaka mwalimu wake wa dawa. Mwenyewe aliiomba Kofia impeleke Hufflepuff kwa kuwa Gryffindor ilimtisha. Kofia ikakataa. Hermione ana akili kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka wake, na Kofia iliwaza kumpeleka Ravenclaw, lakini akaenda Gryffindor. Harry aliambiwa angefika mbali akiwa Slytherin, akasihi asipelekwe huko, akasikilizwa. Halafu kuna Peter Pettigrew, ambaye Kofia ilihangaika naye zaidi ya dakika tano kati ya Gryffindor na Slytherin. Ikampa Gryffindor, na huyo ndiye aliyewauza rafiki zake kwa Voldemort, yule mchawi mwovu, akajikata kidole, akajificha miaka 12 katika umbo la panya.

Kwa hiyo kama Kofia ingepanga kwa sifa zinazoonekana, Neville na Hermione wasingekuwa pale walipo. Dumbledore, mkuu wa shule, anamweleza Harry jambo hilohilo katika kitabu cha pili: kinachotuonyesha sisi ni akina nani ni tunachokichagua, kuliko tunachokiweza. Ndipo napendekeza kanuni moja kwa uzi huu. Tusiulize mhusika ana sifa gani. Tuulize, akibanwa ukutani, analinda nini, na yuko tayari kupoteza nini ili akilinde.

Naanza na mmoja ili mnione ninavyopima. Juliette, yule binti wa tamthilia ya Oyono-Mbia kutoka Kamerun, mliosoma kidato cha tatu na cha nne mnamjua. Baba yake Atangana ameshapokea faranga 100,000 za Ndi mkulima, akapokea tena 200,000 za Mbia mtumishi wa serikali, na binti hajaulizwa. Wengi mtasema Gryffindor, kwa kuwa amediriki kubishana na wazee mbele ya ukoo mzima. Lakini kubishana hakukumsaidia. Kilichomsaidia ni kuichukua ile 300,000 kimyakimya, kumpa mchumba wake Oko, na Oko akaja kuilipa kwa baba yuleyule kama mahari. Anajua anachokitaka, ameusoma udhaifu wa kila mtu uwanjani, na ameutumia. Slytherin, tena Slytherin wa kupigiwa mfano, na simwoni na ubaya wowote.

Karibuni.

Siti ya Mbele:

Nimewahi. Okonkwo ni Gryffindor, hilo halina mjadala. Narudi kusoma maoni.

Mama Wawili:

Mleta uzi hongera, mada imetulia. Mimi nafundisha fasihi sekondari, na huyo Juliette wanafunzi wangu wasichana wanampenda kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja.

Nataka nimtete Sekai wa riwaya ya Takadini, iliyobeba jina la mwanawe. Amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, wake wenza wanamsema, hatimaye Mungu anamjalia, na mtoto anazaliwa zeruzeru. Mila ya kijiji ni kwamba mtoto huyo asiishi. Makwati mumewe hana ubavu wa kuwapinga wazee. Sekai anamfunga mtoto mgongoni, anatoka usiku peke yake, anaingia porini kwenye wanyama bila kujua anakokwenda. Kama huo si ushujaa wa Gryffindor, basi Gryffindor haina maana. Nikifika sura hiyo darasa zima linanyamaza. Wanyama hawamtishi kama wazee wa kijiji chake.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa kumleta Sekai.

Ushujaa wake siupingi. Ila tumbane kwa kanuni yetu. Usiku ule analinda nini? Si heshima yake, si kanuni fulani anayotaka dunia iione. Analinda mtu mmoja. Na ukisoma kuanzia anapofika kwa mzee Chivero na kupokelewa, kitabu hakina tena mbio za usiku. Kuna miaka ya kulima, ya kumfunika mtoto dhidi ya jua, ya kuvumilia kuona watoto wengine wakikatazwa kucheza na Takadini, na ya kukaa na wageni mpaka wamzoee. Kukimbia kulikuwa usiku mmoja, kukaa kulikuwa miaka. Mimi naona Hufflepuff.

Nasema hivyo kwa heshima kubwa, kwa sababu Hufflepuff imeonewa mno kwenye mijadala ya namna hii. Helga Hufflepuff ndiye mwasisi pekee aliyesema atawafundisha wote na kuwatendea sawa, wakati wenzake watatu walikuwa wanachagua damu, akili na majina ya kishujaa. Ukimtafuta mtu aliyempokea Takadini vile alivyozaliwa, bila kusubiri athibitishe lolote, utarudi kwa mama yake. Tena usiku wa vita vya Hogwarts, walipoambiwa wanaotaka kuondoka waondoke, meza ya Slytherin ilibaki tupu, Ravenclaw wakabaki baadhi ya wakubwa, Hufflepuff wakabaki wengi zaidi ya hao, na Gryffindor nusu yao. Hufflepuff hawaogopi, ila hawapigani kwa ajili ya kuonekana.

Mama Wawili:

Hapo kwenye miaka ya kulima umenigusa. Lakini mwanangu, mtu anaweza kumlinda mtoto akiwa na moyo wa Gryffindor. Mama yake Harry alisimama mbele ya kitanda cha mwanawe akakubali kufa, naye Lily alikuwa Gryffindor. Kumlinda mtu mmoja hakumtoi mtu kwenye nyumba ya mashujaa. Nabaki na Gryffindor yangu kwa Sekai.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Mfano wa Lily ni mzito, mwalimu. Siwezi kuuondoa kwa sentensi mbili. Wadau wengine watupigie kura hapo chini.

Ndugu Siti ya Mbele, umesema Okonkwo hana mjadala. Mimi naona ndiye mwenye mjadala mkubwa kuliko wote.

Mlioisoma Things Fall Apart, riwaya ya Achebe ya 1958, rudini kwa Ikemefuna, mtoto wa kijiji kingine ambaye wazee wameamua auawe. Mtoto ameishi nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba. Mzee Ezeudu amekuja mahususi kumwonya: kijana huyo anakuita baba, usishiriki kifo chake. Okonkwo anakwenda hata hivyo. Njiani kijana anapigwa panga la kwanza, anamkimbilia yeye akimlilia kwamba baba, wananiua, na Okonkwo anachomoa panga lake na kummaliza. Mwandishi anatuambia sababu waziwazi: aliogopa kuonekana dhaifu.

Huyo ndiye mtu aliyempiga mweleka Amalinze akiwa na miaka 18, anayeongoza vitani, asiyeogopa kifo. Na kwenye saa ile moja iliyohitaji ujasiri, ujasiri wa kubaki nyumbani na kuitwa mwoga, hakuwa nao. Neville, huyo msahaulifu, katika kitabu cha kwanza aliwasimamia rafiki zake mlangoni usiku, akijua watamcheka na pengine watampiga. Aliweza kitu ambacho Okonkwo hakukiweza. Kwa hiyo misuli ya Okonkwo isitupumbaze. Anacholinda ni jina lake lisije likafanana na la baba yake Unoka, aliyejulikana kwa uvivu na madeni. Anataka vyeo, maghala ya viazi vikuu, wake, watoto wa kiume wanaotajwa. Hata uhamishoni Mbanta, miaka yote saba anapanga namna atakavyorudi kwa kishindo. Slytherin.

Siti ya Mbele:

Mkuu, Okonkwo Slytherin? Slytherin ni ujanja, na yule mzee hana ujanja hata wa dawa. Angekuwa na ujanja kidogo tu asingemkata yule tarishi wa wazungu mbele ya umati, tena bila kujua kama kijiji kitamfuata. Hakuna aliyemfuata. Slytherin yeyote angehesabu watu kwanza. Kitendo kile ni Gryffindor mtupu, tena Gryffindor aliyeachwa peke yake.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Crabbe na Goyle hawakuwa na ujanja wowote, na wote wawili walikuwa Slytherin. Nyumba ni unakokutamani kufika, hata kama akili ya kukufikisha huna. Lakini hoja yako ya tarishi ni nzuri, hakika hakuhesabu.

Kura ya Siri:

Hapo hapo kwa Okonkwo, kuna mtu mmemruka. Rafiki yake Obierika. Yeye alikataa kwenda kwenye mauaji ya Ikemefuna na akamwambia Okonkwo usoni kwamba alilolitenda halimpendezi Ardhi. Halafu ndiye anayemtunzia rafiki yake viazi vikuu miaka yote ya uhamisho na kumpelekea fedha zake Mbanta. Ndiye pia anayekaa chini na kujiuliza kwa nini mapacha wanatupwa, wamekosa nini. Mimi nampa Ravenclaw kwa hayo maswali, na Hufflepuff kwa hizo safari za Mbanta. Kofia ingekaa naye muda.

Mtoto wa Amu:

Assalaam aleikum. Nimeona Liyongo ametajwa kisha akasahaulika, nami ni mtu wa kisiwani, siwezi kupita kimya.

Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamweleza mtu mwenye kila sifa ambayo Kofia inaitafuta. Nguvu anazo, anatisha. Lakini alipofungwa gerezani Pate, nguvu hazikumtoa. Alitunga wimbo, akaufundisha kijakazi Saada aende nao kwa mama yake, na ndani ya wimbo ameficha maagizo: aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Walinzi wakaona mkate wa makapi, wakaudharau, wakauacha upite. Halafu akaomba aagwe kwa ngoma ya gungu, na ngoma ilipopamba moto akawa anakereza pingu zake humo ndani ya kelele. Hiyo ni akili ya mshairi. Ravenclaw wenye mlango wao unaouliza mafumbo wangemfungulia bila shaka.

Ila mimi namtazama mwishoni, kwa kanuni ya mleta uzi. Mwanawe ametumwa na mfalme kumwuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua. Ameahidiwa uwaziri na kuozwa binti wa mfalme. Liyongo anahisi kijana amedanganywa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Anamwambia kwa kuwa ni mwanawe. Akishachomwa, anachukua uta wake, anatoka, anapiga goti karibu na kisima, uta ameupinda, na roho inamtoka akiwa vile. Watu wanaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Mtu aliyejua kuficha tupa ndani ya mkate hakushindwa kumficha mwanawe siri. Alichagua asimfiche. Mimi nasema Gryffindor, kwa kuwa hakukubali kuishi kwa kumwogopa mtoto wake mwenyewe.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Wa aleikum salaam ndugu yangu wa Amu. Umempima vizuri kuliko nilivyopanga kumpima mimi. Nilikuja na Ravenclaw mfukoni kwa sababu ya ule wimbo. Nakuachia Gryffindor, na huyo mwana wa Liyongo ndiye Slytherin wa upande wa giza, aliyeuza baba kwa uwaziri na hakuupata.

Mswahili wa Nakuru:

Hamjambo wenzangu. Sisi tuliofanya mtihani wa KCSE wakati riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora inatahiniwa tuna la kusema, na nina swali litakaloitingisha kanuni ya mleta uzi.

Amani hana shida. Ameporwa urithi, amefungwa bila kosa, ametumikishwa na familia ileile iliyomwangamizia jamaa zake, na mtoto mchanga anapoachwa mlangoni pake usiku anamchukua, anamlea pamoja na mwenzake, binti Imani, anamwita Uhuru. Hufflepuff. Mtemi Nasaba Bora naye, mwenye mashamba ya wizi na jina lenyewe la kujisifia ukoo, Salazar angempokea kwa mikono miwili.

Taabu iko kwa Mwalimu Majisifu. Huyu ni msomi, anaheshimiwa kwa kitabu kimoja kikubwa, na kitabu hicho ni mswada alioiba kwa Amani. Hogwarts wanaye pacha wake: Gilderoy Lockhart, aliyekuwa akiwahoji wachawi waliofanya mambo makubwa, anawafuta kumbukumbu, kisha anaandika kana kwamba aliyafanya yeye. Lockhart alilinda nini maishani? Sifa tu. Kwa kanuni yenu angekuwa Slytherin. Lakini Rowling alimweka Ravenclaw. Basi ama Kofia ilishindwa, ama kanuni ya mleta uzi ina shimo. Nijibuni.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Swali kama hili ndilo nililokuwa nalisubiri.

Kofia haikushindwa, na kanuni haina shimo. Kofia ilimvisha mtoto wa miaka 11. Lockhart wa miaka 11 alikuwa na kipaji kweli, na pengine siku ile alikipenda kipaji chake kwa dhati. Sifa zikamla baadaye. Pettigrew vilevile: kuna siku ya utoto wake alitamani kusimama na majasiri, na Kofia ikayasikia hayo matamanio. Katika kitabu cha saba Dumbledore anamwambia mwalimu Snape kwamba wakati mwingine anaona wanawapanga watoto mapema mno. Anayasema hayo kwa mtu wa Slytherin ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi ya hatari kuliko Gryffindor yeyote aliye hai.

Sasa sisi tuna kitu ambacho Kofia haikuwa nacho. Sisi tumesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Majisifu tunamjua akiwa mtu mzima, mlevi, anayeogopa siku mswada utakapojulikana ni wa nani. Ndiyo maana nasema tumpange mhusika kwa maisha yake yote kama kitabu kinavyotupa. Majisifu wa mwisho nampeleka Slytherin, hata kama mtoto Majisifu angeingia Ravenclaw. Na hata hivyo namwonea Slytherin huruma, kwa sababu wana watu wao safi tunaowasahau. Regulus Black aligundua siri ya Voldemort, akaenda pangoni, akainywa sumu yeye badala ya kumnywesha mtumishi wake, akafa bila mtu kujua. Hakuna aliyempigia makofi.

Mswahili wa Nakuru:

Hapo sasa mnanipa mizani miwili. Mhusika anayebadilika katikati ya kitabu atapimwa kwa upi? Rosa Mistika wa Kezilahabi mtamweka wapi? Rosa wa Ukerewe mwanzoni mwa kitabu, binti anayemwogopa baba yake Zakaria mpaka hawezi kuongea na mvulana, na Rosa wa baadaye ni watu wawili. Ukimpanga kwa ukurasa wa mwisho unampanga kwa majeraha yake.

Mama Wawili:

Mswahili wa Nakuru, umesema jambo ambalo nimekuwa nikilitafuta maneno yake. Rosa hakuwahi kuulizwa anataka nini. Baba alimchapa ili awe mwema, shuleni wakamtumia, wanaume wakamtumia. Kofia ya Hogwarts, pamoja na kasoro zake, inamkalisha mtoto na kuongea naye sikioni. Inamwuliza. Rosa alikosa hata hilo. Kile kitabu cha 1971 kiliwahi kuzuiwa mashuleni kwa madai kwamba kitawaharibu wanafunzi, wakati kinachosimuliwa ni namna msichana anavyoharibiwa na watu wazima waliomzunguka. Mimi simpangi Rosa kwa ukurasa wa mwisho. Nampanga akiwa bado dada mkubwa anayewatazama wadogo zake, na huyo ni Hufflepuff.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Kwa Rosa nakubaliana nawe mwalimu, na naiongezea kanuni: mhusika apimwe pale alipokuwa na nafasi ya kuchagua. Alikonyimwa nafasi hiyo tusimhukumu.

Kura ya Siri:

Abunuwasi na Sungura je? Msiseme wote Slytherin kwa sababu ni wajanja.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Hawako nyumba moja. Sungura anataka maji ya kisima ambacho hakukichimba. Wanyama wote wamechimba, yeye amekataa kazi, kisha anakuja na kibuyu cha asali kuwalaghai walinzi mmoja baada ya mwingine mpaka wanakubali kufungwa. Tumbo lake kwanza, na ngozi yake. Slytherin. Anayemkamata ni Kobe, amejipaka ulimbo mgongoni, ametulia majini bila kujitikisa akisubiri. Huyo Kobe ni Hufflepuff, na sijui kwa nini hakuna anayemtaja.

Abunuwasi ni mwingine. Ameazima sufuria, amerudisha na kijisufuria juu yake akisema imezaa, mwenyewe kwa uroho kakubali. Mara ya pili anarudi mikono mitupu, sufuria imefariki. Aliyekubali imezaa atakataaje kwamba imekufa? Faida aliyoipata ni sufuria moja. Raha yake iko kwenye ile hoja ambayo mwenye mali hawezi kuivunja. Angekuwa Slytherin angekuwa amekwisha kuwa waziri. Ravenclaw.

Siti ya Mbele:

Na Kusadikika? Karama?

Mama Wawili:

Karama niachieni mimi. Ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, mashtaka ya uongo, na akitiwa hatiani ni kifo. Anaomba nafasi ya kujitetea, anapewa siku sita. Siku zote hizo hajitetei yeye. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kuitafutia nchi heri na waliporudi wakaadhibiwa. Shaaban Robert alichapisha hayo 1951, chini ya mkoloni. Mtu anayetumia siku zake za kujiokoa kuwatetea waliokwisha kuonewa, kwa hoja na utulivu wa namna ile, ana akili ya Ravenclaw, lakini analinda haki. Na haki ni ya Hufflepuff.

Mswahili wa Nakuru:

Mwalimu umempanga vyema. Sasa mleta uzi, Kinjeketile uliyemtaja wa kwanza kabisa hujamvisha Kofia.

Kitabu Kwapani (mleta uzi):

Nimemweka mwisho kwa makusudi.

Nasema juu ya Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, ambaye mwandishi mwenyewe ameeleza kuwa ni kiumbe cha kisanaa. Yule wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, si haki yetu kumchezea mchezo huu.

Mwanzoni ukimtazama unadhani Gryffindor: anaibuka mtoni, anatoa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani, makabila yaliyokuwa hayasikilizani yanaungana. Lakini ujasiri wa vita si wake, ni wa Kitunda na vijana wanaotaka kuingia vitani kesho asubuhi. Kinjeketile ndiye anayesema subirini. Anayakumbuka maneno aliyoyatamka roho Hongo alipompanda, kwamba Wajerumani wakiondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, na anajiuliza roho ya kwao ingesemaje hivyo. Ananusa udanganyifu ndani ya ufunuo wake mwenyewe. Anaona neno alilolizaa limemzidi kimo na watu hawamsikii tena yeye, wanalisikia neno. Kiongozi wa Gryffindor asingekaa peke yake na shaka ya aina hiyo. Mpaka hapo naona Ravenclaw.

Kisha inakuja gereza. Vita vimeshindwa, watu wamekufa kwa maelfu, naye amepigwa na kuteswa. Mjerumani anataka kitu kimoja tu: aseme maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, aliyepoteza watu kwa sababu ya maji hayo, naye anamsihi aseme. Na Kinjeketile mwenyewe hana tena uhakika na maji. Kwa mtu wa Ravenclaw kusema kweli kungekuwa rahisi, kwa sababu ndiyo anayoiamini. Anakataa. Anasema akikiri leo, kesho watoto na wajukuu wataambiwa baba zao walipigania uongo. Analinda jambo ambalo hatakuwepo kuliona, na analilinda kwa kunyamaza, bila jeshi, bila mtu wa kumshangilia.

Gryffindor. Nimekuwa nikibishana na watu juu ya hili kwa muda mrefu na sijapata hoja ya kunitoa hapo. Anayemwona Ravenclaw mpaka mwisho aje na lile onyesho la gerezani mkononi, tulisome pamoja mstari kwa mstari.